Shajara ya mradi: kusaidia homuweki za Kiingereza bila kumfanyia mtu kazi yake

Hii naiandika kwa yeyote anayetaka kuanzisha kitu kama hiki, awe mwalimu, mwanachuo au dada mkubwa anayesumbuliwa na maswali ya wadogo zake kila jioni. Sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea. Wanafunzi wa sekondari wanatutumia maswali ya Kiingereza kwa simu, gramma na fasihi, na sisi tunawasaidia mpaka wayamalize wenyewe. Kila hatua ikiisha naongeza tarehe, yaliyokwenda sawa nayapitia haraka, yaliyokwama nayaeleza kwa urefu maana hayo ndo yatakayokuokolea muda.

6 Januari: majibu ya moja kwa moja

Tulianza na njia rahisi kuliko zote, swali linaingia, anayejua anajibu, basi. Maswali mengi ya mwanzo yalikuwa ya pasivu, yaani kauli ya kutendwa, zile za kuambiwa geuza sentensi. Mwanafunzi mmoja katuma "The teacher has marked the books", kapewa "The books have been marked by the teacher", kashukuru. Akarudi na nyingine, "The cook is preparing the meal", safari hii kajaribu mwenyewe na kaandika "The meal has been prepared by the cook". Ukiitazama vizuri utaona ametumia akili kabisa, kachukua umbo la jibu la kwanza kalibandika kwenye swali la pili. Jibu letu lilikuwa sahihi lakini ndani yake hakukuwa na kitu cha kumwambia kwanini ni sahihi.

Kwahiyo tukaacha kutoa jibu, tukaweka maswali matatu tunayomuuliza kwa mpangilio. Kitenzi cha sentensi uliyopewa kiko tensi gani? Sasa weka "be" kwenye tensi hiyohiyo, "is preparing" inakupa "is being", "has marked" inakupa "has been". Mwisho malizia na umbo la tatu la kitenzi, "prepared", "marked", afu rudi mwanzo uangalie kiima kipya ni kimoja au ni vingi, maana hapo ndipo "has" inageuka kuwa "have". Tukaongeza na onyo moja, kitenzi kisicho na yambwa hakigeuki, "The baby slept" haina pasivu hata ukeshe nayo.

Gharama yake ni muda. Swali lililokuwa la dakika moja sasa linakula dakika kumi au zaidi kwasababu unasubiri mwenzio afikiri na ajibu. Ukikosa watu wenye subira usianze na njia hii.

20 Januari: fomu ya kuuliza

Meseji za "ticha naomba namba 3" zilikuwa zinatumaliza. Picha imekatwa nusu, maelekezo hayaonekani, na kwenye gramma ya kuandika upya sentensi maelekezo ndo swali lenyewe. Mfano mzuri ni "As soon as the bell rang, the students left." Kama umeambiwa uanze na "No sooner", jibu ni "No sooner had the bell rung than the students left." Kama umeambiwa uanze na "Hardly", ni "Hardly had the bell rung when the students left." Moja inataka "than", nyingine inataka "when", na zote mbili zinageuza mpangilio, "had" inatangulia kiima. Msaidizi asipoona maelekezo anaweza kueleza vizuri sana kitu ambacho hakikuulizwa.

Tukatengeneza fomu fupi: swali lote pamoja na maelekezo yake, ulichojaribu, ulipokwama, na linatakiwa lini. Sehemu ya kwanza na ya mwisho zilikubalika fasta. Ya pili ikagoma. Karibu kila mtu aliandika "sijui" au aliacha wazi, na ukimpigia kumuuliza unakuta anajua mengi tu, anachoogopa ni kuandika Kiingereza kibovu mbele ya mtu asiyemfahamu.

Kilichofungua mlango ni kuruhusu jaribio la Kiswahili, tena kwa sauti. Tukaandika juu ya fomu, "tuambie kwa Kiswahili unavyofikiri, hata kama huna uhakika". Mambo yakabadilika kabisa, hasa kwenye fasihi. Mtu aliyekuwa anaandika "sijui" anakurekodia maelezo ya mhusika na sababu zake na ushahidi juu, kumbe hoja anazo, kilichokosekana ni sentensi ya Kiingereza ya kuibebea. Sasa shida ikahamia kwetu, maana rekodi zilikuja ndefu na lazima mtu akae azisikilize mpaka mwisho. Tukaweka kikomo cha dakika moja kwa rekodi. Kinatosha, na kinamlazimisha achague neno la kuanzia.

10 Februari: kadi ya "-me-"

Maelezo yanayojirudia tumeanza kuyaandika mara moja kwenye picha moja tunayoiita kadi, swali likija unatuma kadi kisha mnaendelea kuzungumza. Kadi ya pasivu na ya question tag, kile kiswali kifupi cha mwisho wa sentensi, zilitoka bila taabu. Kwenye question tag watu wanakwama sehemu mbili tu, "I am late, aren't I?" na zile zenye "hardly" au "seldom", ambazo tayari ni kanushi kimaana kwahiyo mkia wake ni chanya, "She hardly speaks, does she?"

Kadi ya present perfect ndo imetutoa jasho. Toleo la kwanza lilisema kitu ambacho vitabu vingi vinasema, kwamba ni tendo la zamani lenye uhusiano na sasa. Wanafunzi wakalikariri na wakaendelea kuandika "I have seen him yesterday". Toleo la pili likalinganisha, "-li-" ni past simple na "-me-" ni present perfect, na hili likaleta makosa mapya ambayo hayakuwepo kabla! Tukaanza kupata "The baby has slept" pale mtoto bado amelala, na "She has worn a red dress" kwa mtu aliyesimama mbele yako na gauni lake.

Tulipokaa tukaipanga mifano yote mezani ndo ikaonekana. "-me-" inafanya kazi zaidi ya moja. Wakati mwingine inasema tendo limeisha, nimemaliza kazi, "I have finished the work". Wakati mwingine inasema hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza hali hiyo hakiisemi kwa "have" hata kidogo:

amelala, "he is asleep"
amesimama, "he is standing"
amevaa, "she is wearing"
amechoka, "he is tired"
nimeelewa, "I understand"

Toleo la tatu kwahiyo halianzi na kanuni, linaanza na maswali. Hali hiyo ipo sasa hivi ukitazama? Nenda kwenye "is". Umetaja muda uliokwisha, "yesterday", "last week", "in 2010"? Nenda past simple, "I saw him yesterday". Tendo limekamilika na muda haujatajwa, au kipindi chenyewe hakijaisha kama "this week"? Hapo ndo present perfect. Kadi hii inashika. Haimalizi kila kitu lakini makosa ya "has slept" yamepungua sana, na cha kufurahisha zaidi wanafunzi wameanza kutuletea wenyewe vitenzi vya kuongeza kwenye orodha, amekaa, amepotea, amekasirika.

3 Machi: tukibishana sisi wenyewe

Hili sikulitarajia kuwa hatua lakini limekula siku. Wasaidizi wawili wanajibu swali moja na majibu yanapingana, mwanafunzi katikati hajui amfuate nani. "Neither of the boys was" au "were"? "I already ate" ni kosa au sio kosa?

Tulikubaliana hivi. Hakuna anayejibu kwa kusema "inasikika vibaya". Unafungua kamusi ya wanaojifunza, zile zinazoonyesha kama nomino inahesabika au haihesabiki, au kitabu cha gramma, unaonyesha ulipoitoa. Kwa "neither of" uandishi rasmi unataka "was", ingawa utasikia "were" kwenye mazungumzo, na kwenye homuweki tunashauri ile rasmi. "I already ate" ni ya kawaida Marekani, Uingereza wanapendelea "I have already eaten", kwahiyo mwanafunzi anaambiwa afuate Kiingereza ambacho shule yake inafuata na asichanganye ndani ya insha moja. "The number of students is" lakini "a number of students are", hapo hakuna ubishi. Na ile ya kwamba sentensi isiishie na preposition tumeitoa kabisa kwenye orodha ya makosa, waandishi wazuri wa Kiingereza wameandika hivyo karne na karne.

Faida ya kamusi imeonekana pia kwenye "informations", "advices", "furnitures", "homeworks". Badala ya kumkatia mtu herufi "s" tunamwambia atafute neno aone alama. Inachukua muda mrefu zaidi lakini neno linalofuata analitafuta bila kuulizwa.

24 Machi: insha za fasihi

Hapa ndipo mradi ulipotaka kuvunjika, kwasababu ujuzi wa gramma haukusaidii kumuonyesha mtu namna ya kujenga hoja.

Insha nyingi zilizokuja zilikuwa zinasimulia hadithi. Swali la tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, linasema "To what extent is Lady Macbeth responsible for the murder of Duncan?" na mwanafunzi anaanza na wachawi, anapita kwenye barua, anafika kwenye jambia, anamalizia na mfalme kufa. Kila kitu ni kweli na swali halijajibiwa. Tulichojaribu kwanza ni ule mpangilio unaofundishwa sana, hoja, ushahidi, maelezo. Ulisaidia kuondoa usimulizi, lakini sehemu ya maelezo ikawa inarudia nukuu kwa maneno mengine. "Macbeth says he wants darkness. This shows that he wants darkness."

Tukabadilisha mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuandika chochote mwanafunzi analijibu swali lote kwa sentensi moja ya Kiswahili. "To what extent" maana yake ni kwa kiasi gani, kwahiyo sentensi yake lazima iwe na kiasi ndani yake, "amechangia sana lakini sio yeye aliyeanzisha". La pili, kwenye nukuu hatuulizi tena "inaonyesha nini", tunauliza neno lipi, nani anasikia, na inatokea kabla au baada ya nini.

Jinsi ilivyofanya kazi. Mwanafunzi alishikilia kwamba lawama zote ni za Lady Macbeth. Hatukumpinga, tukamuomba atafute mara ya kwanza Macbeth anapoonyesha tamaa ambayo hataki ionekane. Karudi na tendo la kwanza onyesho la 4, mfalme Duncan ametoka kumtangaza mwanae Malcolm kuwa mrithi, na Macbeth anasema pembeni, "Stars, hide your fires, Let not light see my black and deep desires." Neno lipi? "Black", kachagua, na "hide", mtu anayejua kitu ni kibaya ndo anataka kificho. Nani anasikia? Hakuna, anaongea na nafsi yake. Kabla ya nini? Hapo akakaa kimya kidogo kwenye simu. Lady Macbeth bado hajatokea jukwaani, anaonekana kwa mara ya kwanza onyesho la 5.

Msimamo wake ukabadilika bila sisi kumpa msimamo. Na hakuutupa ule wa mwanzo, maana onyesho la 7 Macbeth anasema "We will proceed no further in this business" na ni mke wake anayemrudisha kwenye njama kwa kumsuta kuwa ni mwoga. Kwahiyo tamaa ni ya Macbeth, msukumo wa mwisho ni wa mkewe, na hiyo ni insha yenye kiasi. Nilifurahi sana siku hiyo, na nataka mtu anayeiga mradi huu ajue kwamba swali lililofanya kazi kubwa ni hilo la kabla au baada. Liulize hata kama unaona jibu liko wazi.

Gharama: insha moja kwa njia hii inakula karibu saa nzima ya msaidizi. Tumepunguza maswali ya insha tunayopokea kwa wiki, imetuuma lakini bora machache yafanyike vizuri.

Jambo dogo la gramma linaloingia humuhumu ni "he" na "she". Yeye ya Kiswahili haitenganishi, kwahiyo katikati ya insha ndefu Lady Macbeth anageuka "he", na mtu anaandika "her mother" akimaanisha mama wa kijana kwakuwa mama ni mwanamke. Tiba yetu ni kusoma mara ya mwisho ukitafuta maneno hayo tu, unazungushia kila "he", "she", "his", "her" na unauliza ni ya nani.

14 Aprili: mashairi

Hatua hii ilianza kwa urahisi wa ajabu. Wanafunzi walikuwa wanakariri majina ya mbinu za Kiingereza kana kwamba ni vitu vipya, wakati kwenye Fasihi ya Kiswahili wameshayafanyia kazi miaka. Tukaweka kadi moja, simile ni tashbihi, metaphor ni sitiari, personification ni tashihisi, onomatopoeia ni tanakali za sauti, flashback ni mbinu rejeshi. Na anayeongea ndani ya shairi ni nafsineni, sio lazima awe mshairi, jambo ambalo kwa Kiswahili wanalijua vizuri ila wakiingia Kiingereza wanaandika "the poet is sad".

Ugumu ulikuja tulipovuka kwenda kwenye vina na mizani kwa kutumia mlango huohuo. Aliyezoea mshororo wa mizani 16, 8 na 8, alihesabu silabi za mshororo wa kwanza wa soneti moja ya Shakespeare, "Shall I compare thee to a summer's day?" akapata 10, sahihi, akaona kazi imeisha. Haijaisha, maana mshororo huo unahesabiwa kwa jozi za silabi, nyepesi ikifuatiwa na nzito mara tano, na uzito huo ndo iambic pentameter yenyewe. Kwetu mkazo unakaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwahiyo hatujazoea kuutafuta, Kiingereza unahama na unabadilisha hata aina ya neno, "RE-cord" ni nomino, "re-CORD" ni kitenzi.

Kueleza kwa maandishi kulishindikana kabisa. Kilichofaa ni kurekodi mshororo huku unagonga meza kwenye silabi nzito, mwanafunzi anarudishia rekodi yake akigonga vilevile. Tukaanza na maneno ya kawaida aliyonayo mdomoni, "to-DAY", "be-FORE", "a-GAIN", afu ndo mshororo mzima. Usianze na shairi, anza na neno.

Kwenye vina nako kuna mtego. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, basi mtu anatafuta vina kwa macho, "though" na "tough" anaziweka pamoja. Kadi inasema funga macho usikilize. Lakini kwenye soneti hiyohiyo "temperate" inatakiwa kuwa na kina kimoja na "date" na kwa sikio la leo haikai sawasawa. Swali hilo liliulizwa na mwanafunzi mwenyewe na ni swali zuri, soneti za Shakespeare zilichapishwa 1609 na matamshi ya Kiingereza yamehama tangu hapo. Kwahiyo tumeongeza mstari: sikiliza kwanza, kisha hakiki na mpangilio unaoutarajia, ABAB CDCD EFEF halafu GG, herufi moja ni kina kimoja, jumla mishororo 14.

5 Mei: insha zinazokuja zimeshakamilika

Zimeanza kuingia insha zilizoandikwa na programu za akili bandia, ombi likiwa "niangalizie tu makosa". Gramma safi, na nukuu nyingine hazimo kwenye kitabu. Kumhoji mtu kama kaandika mwenyewe hakukuzaa kitu, wengine walikasirika na kuondoka, na baadhi yao huenda walikuwa wameandika kweli. Sasa hatuulizi nani kaandika. Tunamwambia afungue kitabu atuonyeshe kila nukuu ilipo, tendo na onyesho au ukurasa, na atueleze kwa sauti kwanini kaichagua. Aliyeandika anafanya haraka. Ambaye hakuandika anajikuta anaanza kusoma, na kutoka hapo tunaendelea naye kama wengine.

Maswali yanayotakiwa ndani ya saa moja tunatuma kadi pekee. Yanayoonekana kuwa ya jaribio linaloendelea hatugusi, tunamwambia arudi likishakusanywa.

26 Mei: kadi ya "if"

Hii bado iko mezani. Kosa linalojirudia ni "If I would have known, I would have come", na chanzo chake tunakiona, ningejua ningekuja, Kiswahili kinaweka alama ileile pande zote mbili na mwanafunzi anaweka "would" pande zote mbili. Toleo la kwanza lilikuwa jedwali la aina tatu za conditional na halijasaidia, wanakumbuka namba ya aina wanasahau umbo.

Toleo tunalolijaribu sasa lina agizo moja, upande wenye "if" usiweke "would", urudishe kitenzi hatua moja nyuma: "know" iwe "knew", "knew" iwe "had known". Kwa "be" tunashauri "were" kwenye kazi rasmi, "If I were you". Mazoezi kumi tumeyatoa kwenye sentensi za wanafunzi wenyewe za "-nge-" na "-ngeli-", wanatafsiri upande wa "if" tu kwanza, upande wa pili wanaongeza baadaye. Kama una darasa au kikundi chako chukua agizo hilo ulijaribu, na utuambie ni sentensi zipi zimelishinda.